Kununua nyumba Dar es Salaam wakati wa masika: mwongozo kamili, kuanzia ukaguzi hadi jina lako liingie kwenye hati

Makosa yanayowagharimu wanunuzi wa nyumba Dar es Salaam yanajirudia kila mwaka. La kwanza ni kutoa "pesa ya kushika nyumba" kabla ya kufanya upekuzi, yaani kuuliza kwa Msajili wa Hati daftari linasema nini. La pili ni kukagua nyumba mwezi wa nane, jua linawaka na ardhi imekauka. La tatu, ambalo ndilo baya zaidi, ni kuridhika na mkataba wenye muhuri wa serikali ya mtaa na kuhamia, huku hati ikibaki na jina la mwenye nyumba wa zamani miaka na miaka, mpaka siku afariki na watoto wake waje kuuliza wewe ni nani.

Mwongozo huu unahusu nyumba yenye hati miliki. Sehemu ya mwisho ni ya nyumba zisizo na hati. Kanuni ya kushika ni moja: pesa isitangulie karatasi.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza kuzunguka

- Kitambulisho cha Taifa na namba ya mlipakodi (TIN), chako na cha muuzaji. Bila TIN za pande zote mbili, malipo ya kodi hayatasogea.
- Wakili wako mwenyewe, si wa muuzaji wala aliyeletwa na dalali. Hakiki jina lake kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili ujue kama ana leseni hai.
- Mpima ardhi aliyesajiliwa, kwa ajili ya mipaka, na mthamini aliyesajiliwa, kwa ajili ya ripoti ya thamani.
- Fundi ujenzi unayemwamini. Asiwe ndugu wa muuzaji, na asiwe yule atakayepewa kazi ya ukarabati baadaye, kwa sababu huyo ataona ubovu hata usipokuwepo.
- Tochi, futi ya kupimia, penseli, buti za mvua na simu yenye nafasi ya picha.
- Pesa ya ziada nje ya bei ya nyumba. Tenga angalau asilimia 5 kwa ushuru wa stempu, ada za usajili, uthamini na wakili. Wanaotumia akiba yote kwenye bei hukwama na fomu zilizosainiwa bila pesa ya kuzisajili.

## Hatua ya 1: Chuja kwa simu

Kabla ya kupanda gari, muulize dalali maswali manne. Hati ipo? Ina jina la nani? Iko mkononi mwa mwenyewe au iko benki? Na mwenye nyumba yuko wapi leo?

Majibu ya "hati inafuatiliwa" au "mwenyewe yuko nje ya nchi, tunamwakilisha" si lazima yawe ya uongo, ila yanaongeza kazi na hatari. Andika majibu hayo, utayalinganisha na upekuzi.

Dalali anaweza kuweka cha juu: mwenye nyumba anataka milioni 120, wewe unatajiwa 140, na tofauti ni yake. Dawa yake ni kukutana na mwenye nyumba ana kwa ana kabla ya kutaja bei yoyote, na kukubaliana mapema kwa maandishi nani anamlipa dalali na kiasi gani.

Utasikia pia: "Bosi, kuna mtu kesho saa tatu analeta pesa." Mwambie aichukue. Nyumba yenye karatasi safi haiuzwi kwa usiku mmoja, na inayouzwa hivyo ina sababu.

Umefanikiwa ikiwa: una jina kamili la mwenye hati, namba ya kiwanja, kitalu na eneo, na umeongea na mwenyewe.

## Hatua ya 2: Kagua mvua ikiwa bado kwenye udongo

Masika, Machi hadi Mei, ndiyo miezi ambayo wengi huahirisha kutafuta nyumba. Ukweli ni kwamba hakuna wakati mzuri wa kukagua kama huo. Nenda ndani ya saa 24 baada ya mvua kubwa, bila miadi kwa mara ya kwanza, na utembee mtaa mzima kwanza kabla ya kuingia getini.

Mtaani. Angalia milango ya majirani. Wakiwa wamejenga kijiukuta cha tofali mbili mbele ya mlango, au viroba vya mchanga vimepangwa kando ya geti, maji yanaingia. Tafuta mstari wa matope kwenye kuta za uzio, upime kimo chake. Kisha nenda kijiwe cha bodaboda kilicho karibu na uulize ni mitaa gani hawapeleki abiria mvua ikinyesha. Hao hawana cha kuuza, na wanaujua kila mfereji.

Kuwa macho zaidi kwenye bonde la Msimbazi na mikono yake, na kando ya mito inayoshuka kuelekea baharini kama Mbezi na Tegeta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Pima. Nyumba nzuri iliyo mita 40 kutoka mtoni ni bomoabomoa inayosubiri tarehe.

Ukutani. Rangi mpya iliyoishia usawa wa kiuno, wakati juu ni ya zamani, inaficha kitu. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole: ikitoa sauti tupu, imeachana na tofali. Unga mweupe unaochanua karibu na sakafu ni chumvi, ama inayopandishwa na unyevu wa chini ama ya mchanga wa baharini uliotumika kujengea. Kupaka rangi hakuiponyi.

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu ni za kawaida. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha au mlango ni habari nyingine, hasa ukipenyeza sarafu. Huo ni msingi unaocheza, na kwenye udongo wa mfinyanzi huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Weka alama ya penseli mwisho wa ufa, andika tarehe, urudi baada ya wiki tatu.

Juu. Panda darini na tochi. Unatafuta madoa ya rangi ya chai kwenye jipsamu, misumari ya bati yenye kutu, na njia za mchwa kwenye kenchi. Bonyeza mbao kwa ncha ya bisibisi. Ikizama bila ubishi, hesabu paa jipya kwenye bei.

Chini. Omba mfuniko wa shimo la maji taka ufunguliwe. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoona aibu kuomba, na ndipo nyumba inaposema ukweli. Maeneo yenye maji ya ardhini yaliyo karibu, kama Mikocheni na Msasani, mashimo hujaa wakati wa masika hata yakinyonywa juzi, kwa sababu maji yanatoka ardhini kuingia, hayatoki shimoni kwenda ardhini. Ukikuta maji yamefika karibu na bomba la kuingizia, ujue utalipa gari la majitaka mara kwa mara, au utajenga mfumo mpya ulioinuliwa.

Umefanikiwa ikiwa: una picha zenye tarehe na orodha ya matengenezo ambayo fundi ameitia bei. Orodha hiyo ndiyo utakayoitumia kushusha bei baadaye, kwa hiyo usimsomee muuzaji leo.

## Hatua ya 3: Fanya upekuzi rasmi

Upekuzi ni maombi kwa Msajili wa Hati ya kujua daftari linasema nini kuhusu hati husika. Unaomba kwa namba ya hati, kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa au mfumo wa mtandaoni wa wizara, na unalipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Usimpe dalali pesa "akakufanyie". Majibu ya upekuzi ni karatasi rahisi kughushi.

Soma mambo haya kwenye majibu:

1. Jina. Lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho cha muuzaji.
2. Namba. Kiwanja, kitalu, eneo na mita za mraba. Hati inaweza kuwa halali kabisa lakini ni ya kiwanja namba 241, huku wewe unaonyeshwa 214.
3. Vizuizi. Rehani ya benki, zuio la mtu anayedai haki, amri ya mahakama.
4. Matumizi na muda. Hati hutolewa kwa muda, usiozidi miaka 99, na kwa matumizi maalumu. Iliyobakiza miaka michache ni suala la bei, na ya makazi haikupi ruhusa ya kufungua gereji.

Rehani si mwisho wa safari. Benki inalipwa deni moja kwa moja kutoka kwenye pesa ya manunuzi, inatoa waraka wa kuondoa rehani, unasajiliwa, kisha uhamisho unafuata. Kinachokatazwa ni kumpa muuzaji pesa "akakomboe hati" akiwa peke yake.

Barua ya toleo si hati. Inaonyesha kwamba mtu alipewa kiwanja kwa masharti, pengine hajayatimiza. Mwache akamilishe hati yake kwanza.

Umefanikiwa ikiwa: una majibu ya upekuzi uliyolipia wewe, na risiti yake.

## Hatua ya 4: Mipaka, barabara na mipango miji

Mpima ardhi achukue ramani ya upimaji na kutafuta mawe ya mipaka yote. Jiwe lisiloonekana lifukuliwe. Uzio uliojengwa ndani ya kiwanja cha jirani, au wa jirani ulioingia kwako mita mbili, unamalizwa sasa kwa maandishi, si baada ya kulipa.

Kando ya barabara kuu na za mkoa, hifadhi ya barabara ni mita 30 kutoka katikati kila upande. Pima mwenyewe, na angalia kama nyumba au uzio una alama ya X iliyopakwa rangi, yaani umepangwa kubomolewa.

Halafu nenda idara ya mipango miji ya halmashauri husika: Jiji (iliyokuwa Ilala), Kinondoni, Ubungo, Temeke au Kigamboni. Uliza kama kiwanja kinaonekana kwenye mchoro wa mipango miji kwa matumizi ya makazi, na kama nyumba ina kibali cha ujenzi.

## Hatua ya 5: Hakikisha anayeuza ana haki ya kuuza

Hapa mali nyingi hurudi mahakamani, hata pale ambapo hati ilikuwa safi.

Mwenzi wa ndoa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa mnunuzi wajibu wa kuuliza kama mwenzi wa muuzaji ameridhia, hata kama hati ina jina moja tu. Ridhaa iwe ya maandishi, isainiwe mbele ya wakili. Wake wakiwa wawili, ridhaa ni mbili. Muuzaji akisema hajaoa au ametalikiwa, alete kiapo, na kama kuna talaka, hati yake. Usikubali neno "mama hana shida". Muombe mama aje.

Mirathi. Mwenye hati akiwa marehemu, hakuna mtoto, mjomba wala kikao cha ukoo kinachoweza kukuuzia. Anayeuza ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa Mahakama ya Mwanzo, uteuzi huo unakuwa kwenye Fomu Na. 4. Jina la msimamizi linaingizwa kwanza kwenye hati, ndipo auze. Hata hivyo taka saini za warithi wote ambao ni watu wazima, kwa sababu mgogoro wa warithi hao hauzimwi na fomu.

Mwakilishi. Anayeuza kwa niaba ya mwingine awe na hati ya uwakilishi iliyosajiliwa inayotaja wazi kuuza mali hiyo. Mpigie mwenye mali kwa video, umwonyeshe nyumba, umuulize bei.

## Hatua ya 6: Bei na mkataba

Sasa toa orodha ya fundi. Punguzo linalotajiwa sababu husikilizwa: paa kiasi fulani, mfumo wa maji taka kiasi fulani, pango la ardhi (tozo ya kila mwaka ya serikali) ambalo halijalipwa kiasi fulani. Taja bei kwa shilingi. Tangu Machi 2025, kanuni zinazuia kutaja na kudai bei kwa fedha za kigeni kwa miamala ya ndani.

Mkataba wa kuhamisha ardhi lazima uwe wa maandishi. Uweke malipo kwa awamu zinazofuata karatasi:

- Asilimia 10 wakati wa kusaini, baada ya upekuzi na ridhaa ya mwenzi.
- Asilimia 60 muuzaji akisaini fomu za uhamisho na kukabidhi hati halisi kwa wakili, pamoja na uthibitisho wa kodi.
- Asilimia 30 usajili ukikamilika na nyumba ikiwa tupu.

Wauzaji wengi watakataa kusubiri asilimia 30, na hofu yao ina msingi: jina likishahama, wana nini mkononi? Ondoa hofu kwa kuiweka pesa hiyo kwenye akaunti ya wateja ya wakili mnayemkubali wote, aitoe siku anapoiona hati yenye jina lako.

Lipa benki kwa benki, kwa jina lililo kwenye hati. Akaunti ya "shemeji yangu" ni kukosa ushahidi. Mkataba utaje pia nini kinatokea upande wowote ukivunja ahadi, vifaa vinavyobaki (matangi, pampu, viyoyozi), na tarehe ya kuhama wapangaji.

Ukishasaini, mwambie wakili aweke zuio kwa Msajili kulinda maslahi yako. Ni karatasi ndogo inayomzuia muuzaji kuuza mara ya pili wakati wewe unasubiri.

## Hatua ya 7: Uhamisho, kwa mpangilio wake

1. Uthamini. Mthamini anatembelea nyumba na ripoti yake inaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Kuandika bei ya uongo kwenye mkataba ili kupunguza kodi hakusaidii, kwani uthamini utakuumbua. Zaidi ya hapo, ukija kuuza, faida yako itaonekana kubwa kuliko ilivyo.
2. Pango la ardhi la kila mwaka lilipwe hadi mwaka husika. Deni linafuata ardhi, halimfuati mtu.
3. Fomu za ardhi namba 29, 30 na 35: taarifa ya uhamisho, maombi ya kibali na hati ya uhamisho yenyewe. Zisainiwe mbele ya wakili, picha zibandikwe.
4. Kodi ya ongezeko la mtaji, kwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Anailipa muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Msajili hahamishi jina bila uthibitisho wa TRA.
5. Ushuru wa stempu, takriban asilimia 1 ya thamani, ambao kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Ulipe ndani ya siku 30 tangu kusaini. Waraka usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi.
6. Upekuzi wa pili. Rudia siku chache kabla ya kuwasilisha. Zuio linaweza kuingia katikati.
7. Usajili. Fuatilia kwa namba ya jalada, si kwa kupiga simu kwa mtu unayemjua ofisini.

Umefanikiwa ikiwa: unaliona jina lako kwenye hati, na upekuzi mwingine unakubali hivyo. Risiti ya kuwasilisha maombi si usajili.

## Hatua ya 8: Makabidhiano

Soma mita za LUKU (umeme) na za DAWASA (maji) mbele ya muuzaji, piga picha, na badilisha majina. Uliza kama kuna deni kwenye mita. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo nyumba iliyokaa tupu bila kununua umeme inaweza kukudai ukinunua tokeni ya kwanza. Badilisha vitasa siku hiyo hiyo.

## Kama wewe ndiye unayeuza

Tafuta risiti zako zote kabla ya kutangaza. Faida inahesabiwa kwa kutoa gharama kwenye bei ya kuuza, na gharama ni pamoja na ujenzi na maboresho yanayothibitika. Ulinunua kwa milioni 60, ukaongeza vyumba kwa milioni 25 zenye risiti, ukauza kwa milioni 130: faida ni milioni 45, kodi ni milioni 4.5. Bila risiti za vyumba, utatetea milioni 25 kwa mdomo.

Nyumba uliyoimiliki kwa miaka 3 au zaidi na kuishi humo jumla ya miaka 3 au zaidi haitozwi kodi hiyo ikiwa faida haizidi milioni 15.

Fanya upekuzi wa hati yako mwenyewe. Wauzaji wengine wanashtukia rehani ya mkopo waliomaliza zamani bado imo kwenye daftari, kwa sababu hawakuiondoa. Na usimpe dalali hati halisi, wala usimtumie picha yake nzima. Nakala inatosha kwa mnunuzi mwenye nia.

## Nyumba isiyo na hati

Bei yake ni ndogo kwa sababu hatari ni yako. Hapa unanunua mlolongo wa mikataba: wa muuzaji, wa aliyemuuzia, mpaka kwa mwenyeji wa kwanza. Kiungo kimoja kikikosekana, jua ni nani atakayejitokeza. Leseni ya makazi, yaani kibali cha serikali cha kukaa kwenye eneo lisilopimwa, ni bora kuliko mkataba mtupu, ila ni ya muda mfupi.

Wahusishe mwenyekiti na mtendaji wa mtaa kama mashahidi wa kumtambua muuzaji na mipaka, pamoja na majirani wa pande zote nne, kila mmoja asaini mbele ya mchoro. Ukidaiwa asilimia ya bei kwa ajili ya muhuri, omba risiti ya serikali yenye namba ya kumbukumbu ya malipo. Muhuri huo unathibitisha mlikaa pale na mkasaini, basi. Haumpi mtu umiliki asiokuwa nao.

Kisha kaulize halmashauri kama mtaa uko kwenye urasimishaji (kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango) na nyumba yenyewe imeangukia wapi kwenye mchoro. Ikiwa imepangwa kama barabara, shule au eneo la wazi, hutapata hati hata ukisubiri miaka kumi, na bei ikishuka hadi nusu usirudi mezani.